Karatasi ya Mauziano Haiulizi Maji Yanapita Wapi

Mama mmoja wa Muriet, jijini Arusha, alinifungulia bahasha ya kaki anayoihifadhi chini ya godoro, akanipa karatasi tatu. Zote ni za kiwanja kimoja, hicho anachoishi sasa, na kila moja ni ya mauzo yake. Ya kwanza imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari: fulani amemuuzia fulani eneo la hatua 20 kwa 20, mashariki amepakana na fulani, magharibi na fulani, kaskazini njia, kusini korongo. Chini kuna majina ya mashahidi wanne, dole gumba la mmoja wao, na mhuri wa serikali ya mtaa kwa wino wa zambarau. Karatasi ya pili ni ya miaka michache baadaye. Mipaka ni ileile isipokuwa wa kusini, ambao sasa umeandikwa "njia ya maji". Ya tatu, aliyoisaini mama mwenyewe, imechapwa kwa kompyuta, na kusini kuna jina la mtu.

Korongo lenyewe halijahama. Alinizungusha nyuma ya nyumba nikaliona. Ukuta wake wa bloku umechanika kuanzia kwenye msingi kwenda juu, ufa unaoingia vidole viwili, na ng'ambo ya ukuta, kati yake na jirani ambaye jina lake lipo kwenye karatasi, umebaki mfereji ambao mtoto wa darasa la tatu anauruka bila kukimbia. Jirani alijaza kifusi, akapata upana wa kujenga vyumba viwili vya kupangisha. Mvua za masika zikija, maji yaliyozoea kupita kwenye upana wa mita kumi yanalazimishwa kupita kwenye mita moja na nusu, na yanayokosa nafasi yanaingia kwa mama huyu kupitia mlango wa jikoni. Ameweka viroba vya mchanga. Aliniambia bila hasira yoyote, "Mwalimu, mimi nilinunua kiwanja. Korongo nililikuta ndani."

Naandika haya nikiwa mtu wa chuo. Kazi yangu ni utafiti wa miji endelevu, maneno ambayo tangu Umoja wa Mataifa upitishe malengo yake ya maendeleo mwaka 2015 hayakosekani kwenye kikao chochote cha mipango. Lakini njia iliyonifikisha hapa ilianzia kwenye ubao wa shule ya sekondari, nikifundisha jiografia. Nilikuwa nachora mto unaotoka mlimani, sehemu ya juu, ya kati na ya chini, wanafunzi wananakili. Kisha mvua inanyesha, na robo ya darasa haiji siku mbili kwa sababu njia imekatika. Ilinichukua muda mrefu kuona kwamba nilichokuwa nachora ubaoni na kilichowazuia wale watoto kufika shule ni kitu kimoja. Nilipokiona, nikaanza kuutaka mji huu kama somo la maisha.

Nilipokwenda kusoma zaidi nikakuta taaluma yenyewe ilianzia mahali pengine kabisa. Chuo kilichotuzalishia wapangamiji wengi nchini, Chuo Kikuu Ardhi, kilianza mwaka 1956 kama shule ya kufundisha mafundi wa upimaji. Mwaka huohuo wa 1956 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya mipango miji na vijiji, na sheria hiyo ikaendelea kutuongoza miaka zaidi ya 40 baada ya uhuru, hadi Bunge lilipotunga Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Miaka hiyo yote ilituzoesha namna fulani ya kuangalia: kwanza mpaka, halafu matumizi, halafu kibali. Eneo linapofika kwenye meza yetu limeshakuwa karatasi nyeupe, halina mteremko, halina mzee anayejua lilikuwa linaitwaje. Simlaumu mpima. Bila yeye hakuna bikoni, yaani alama ya mpaka, wala hati, na anayeishi bila hati anajua usingizi wake ukoje. Nasema tu kwamba mwanafunzi wa mipango miji anaweza kumaliza miaka yake yote akiwa hodari wa mchoro, na asiwahi kusimama kwenye korongo wakati limejaa.

Na Arusha imekaa juu ya makorongo. Mlima Meru una urefu wa mita 4,566, mji umelala kwenye miguu yake ya kusini, na udongo wake ni wa majivu ya volkano unaochimbika haraka maji yakiupata mteremko. Themi, Naura, Ngarenaro, Burka na Kijenge ni mito, lakini pia ni majina ya mitaa, kata na vituo vya vifodi (daladala zetu), kiasi kwamba vijana wengi hawakumbuki tena kuwa kabla ya kuwa kituo palikuwa mto. Ngarenaro ni Kimaa, engare narok, maji meusi. Waliotutangulia walipaita mahali kwa maji yake kwa sababu hilo ndilo jambo la kwanza mtu alipaswa kulijua kabla ya kulaza ng'ombe hapo.

Sasa tuulize nani anaupanga mji huu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 416,442 ndani ya Jiji la Arusha. Sensa ya 2022 ikahesabu 617,631. Ni nyongeza ya watu 201,189 kwa miaka 10, yaani wastani wa watu 55 kila siku, wawe wamezaliwa hapa au wameshuka stendi na begi. Jiji lina Mpango Kabambe, yaani mwongozo mkuu wa matumizi ya ardhi yake, unaofika mwaka 2035, ulioandaliwa na washauri kutoka Singapore. Ni kazi ya watu wanaojua wanachofanya, na ninaitumia kila wiki. Lakini yule mtu wa 55 aliyeshuka stendi leo hatauona. Atampigia simu dalali, dalali atampeleka Olmoti, Terrat au Muriet, na huko atakuta mwenye shamba ameshakata vipande.

Hapo kwenye kukata ndipo mji unapozaliwa, na hesabu yake ningependa kila mhadhiri aifanye na wanafunzi wake siku ya kwanza. Ekari moja ina mita za mraba 4,047 hivi. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400. Ekari inatoa viwanja 10 na kubakiza eneo la nyumba ndogo ya vyumba viwili. Barabara itoke wapi? Chukua ekari yenye umbo la mita 40 kwa 100: viwanja vitano huku, vitano kule, vimepeana mgongo. Mwenye shamba akipitisha barabara ya mita 6 katikati kwa urefu wote ametoa mita za mraba 600, kiwanja kimoja na nusu, na hakuna atakayemlipa. Kwa hiyo anaacha kichochoro cha kupita bodaboda. Kama shamba lake linaishia kwenye korongo, hesabu inageuka upande wa pili: kila mita ya kifusi inayoingia korongoni ni mita ya kuuza. Mtu huyu si mhalifu. Mara nyingi ni baba mwenye watoto wa kusomesha, mwenye ekari mbili alizorithi, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anachokifanya kwa kamba na vijiti ni mipango miji.

Wataalamu wetu wameliona hili siku nyingi. Profesa Wilbard Kombe na wenzake wa Chuo Kikuu Ardhi wametumia miaka mingi kueleza jinsi ardhi ya pembezoni mwa miji ya Tanzania inavyogawanywa na kuuzwa na wananchi wenyewe, kwa mashahidi na viongozi wa mtaa, nje ya utaratibu wa wizara lakini kwa utaratibu unaoeleweka. Ninachoongeza mimi ni kidogo, ila nakiona ndicho kilichobaki. Kama mji unaamuliwa kwenye karatasi ya mauziano, basi utafiti wa mji usiofika kwenye karatasi hiyo haujafika mjini, hata ukisomwa katika nchi ishirini.

Nina mifano miwili ninayoirudia kila mwanafunzi anaponiuliza afanye nini ili awe mtafiti wa miji, na yote miwili ni ya watu walioingia kwenye taaluma hii kwa mlango wa pembeni.

Patrick Geddes, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1854, alikuwa mwanabiolojia. Mwaka 1879, akiwa Mexico, macho yalimuugua hadi akakaa gizani kwa muda, na kazi ya hadubini ikawa haimfai tena. Mwaka 1886 yeye na mkewe Anna walihamia kwenye nyumba za maskini za mji mkongwe wa Edinburgh, wakaanza na kupaka kuta chokaa na kusafisha ua pamoja na majirani. Kanuni aliyoiachia taaluma ni kwamba uchunguze kwanza ndipo upange. Alikwenda India mwaka 1914 na akatembea miji yake kwa miguu, uchochoro kwa uchochoro. Inasimuliwa kwamba huko Indore, tauni ikiwa inasumbua, aliomba apewe cheo cha maharaja, yaani mtawala wa hapo, kwa siku moja, akatangaza kuwa maandamano ya sikukuu ya Diwali yatapita kwenye mitaa iliyosafishwa. Watu wakazoa taka kwa mikokoteni. Ripoti aliiandika pia, ila mji ulisafishwa na tangazo la sikukuu, jambo ambalo kila mkazi alilielewa bila mkalimani.

Wa pili tunamjua vizuri zaidi. Wangari Maathai alipata shahada ya uzamivu Nairobi mwaka 1971, somo lake likiwa anatomia ya mifugo. Alipokuwa anatafiti kupe wanaoeneza ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe, alikwenda pembezoni mwa Nairobi kuwakusanya kwenye ng'ombe, na huko macho yake yakavutwa na vitu ambavyo havikuwa kwenye swali la utafiti wake: ng'ombe waliokonda, na mito iliyogeuka rangi ya udongo. Angeweza kurudi na kupe wake akaandika makala. Badala yake mwaka 1977 alianzisha harakati ya kupanda miti na wanawake wa vijijini, na mwaka 1989 alisimama kupinga mnara wa ghorofa 60 usijengwe ndani ya bustani ya Uhuru. Ukienda Nairobi leo na kukuta watu wamepumzika kwenye majani pale katikati ya jiji, unaangalia matokeo ya mtu aliyekwenda kutafuta kupe akaona tope. Alifanya kazi na wale wanawake kwa lugha zao. Hakuwataka kwanza wajifunze maneno ya chuo ndipo wapande mti.

Sasa tuangalie sisi. Mhadhiri wa Kitanzania anapanda cheo kwa makala zilizochapishwa kwenye majarida ya kitaaluma, mara nyingi kwa Kiingereza, zikapitiwa na wenzake. Sipingi upitiaji huo, ndio unaotuzuia kusema ovyo. Lakini sijaona alama kwa aliyerudi kwenye ofisi ya mtaa akaeleza matokeo. Tasnifu yangu mwenyewe ilihusu mmomonyoko wa kingo za makorongo upande wa kusini wa jiji. Nilihoji kaya, nilipima kina, nilichora ramani kwa picha za setilaiti. Ipo maktaba, ina jalada gumu. Wale walionipa saa zao, wakanitengea kiti kivulini, wakanionyesha alama za maji ukutani, hawajapata hata ukurasa mmoja. Nilipokwenda tena baada ya miaka, mzee mmoja alinikumbuka. Aliniuliza, kwa upole uliouma kuliko kama angenikaripia, "Ile kazi yako ya korongo iliishaje?" Nikaanza kumweleza na nikagundua kwamba sina maneno. Nilikuwa nimejifunza kuyasema yote kwa lugha ambayo yeye haitumii, na mambo niliyoyajua kwa Kiswahili kabla ya kwenda chuo yalikuwa yamesinyaa. Kutoka siku hiyo nimejilazimisha kuandika kila matokeo mara mbili, na ya Kiswahili naiandika kwanza. Inanisaidia pia kujua kama nina jambo la kusema.

Hapa Arusha tuna mfano wa elimu iliyopata njia ya kufika jikoni. Maji ya chemchemi na visima vingi vya ukanda huu yana floridi nyingi kutokana na miamba ya volkano, na meno ya kahawia ya wenyeji wake yanajulikana nchi nzima. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi ya kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kitu ambacho mama anaweza kukishika, kukiweka kwenye ndoo na kuona maji yakitoka chini. Si kila nyumba ilifikiwa, na miradi mikubwa ya maji imechukua sehemu kubwa ya mzigo huo. Lakini mtafiti wa Ngurdoto alijiuliza ndoo itakaa wapi. Sisi wa mipango miji bado hatujajiuliza karatasi inaandikwaje.

Kuna watakaosema sheria ipo na inatosha. Ni kweli ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, bwawa au ziwa. Nimeisikia ikinukuliwa kwenye mikutano mingi. Nenda nayo kwa mwenye shamba wa Terrat mwezi wa nane, uone jibu. Atakuonyesha bonde la mchanga mkavu, mbuzi wanapita katikati, na atakuambia kwa haki kabisa, "Huu mto uko wapi?" Kwa Kiswahili cha hapa mto una maji, na lisilo na maji ni korongo. Sheria inataja mto, muuzaji anauza kando ya korongo, na kati ya maneno hayo mawili ndimo tunamopoteza nyumba. Halafu kuna sehemu za mjini ambako ukipima mita 60 kutoka mto mmoja unakutana na mita 60 za mto mwingine, na watu wamekaa hapo kwa vizazi. Katazo lisilowezekana hufanya watu wasiliulize kabisa, hata pale ambapo mita kumi tu zingeokoa jambo.

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 12 Aprili 2024, gari la shule lilisombwa na maji kwenye korongo eneo la Sinoni, kata ya Muriet, likiwa limebeba watoto. Wapo ambao hawakurudi nyumbani. Nimefikiria kama ni haki kulitaja hapa, na nimeona kulinyamazia ni vibaya zaidi. Mvua ya usiku ule ilinyesha pia mlimani na kwenye mitaa yote ya juu ambayo sasa ni bati na zege, na kila bati liliteremsha maji yake yaleyale kwenye njia zilezile zilizopungua upana. Sitaki kumnyooshea kidole mtu yeyote. Nataka tuone kwamba korongo lile halikuanzia Sinoni. Lilianzia kwenye kila kiwanja cha juu kilichouzwa bila mtu kuuliza maji yake yataelekea wapi. Na haliishii Sinoni: maji ya Themi yanaingia mto Kikuletwa, Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo ni mto Pangani hadi bahari ya Hindi.

Pendekezo langu ni dogo, na nalitetea kwa nguvu zote kwa sababu ni dogo. Karatasi ya mauziano tayari ina nafasi ya majirani wa pande nne. Iongezwe mstari mmoja: maji ya mvua yanaingia kiwanjani kutokea wapi, yakitoka yanaelekea wapi, na korongo au mfereji wa karibu uko hatua ngapi kutoka mpakani. Mashahidi wasaini na mstari huo. Chuo kinachofundisha mipango miji, maji au uhandisi kimpe kila mwanafunzi mitaa miwili, aende akakae na mwenyekiti na mtendaji, apitie nao makorongo ya mtaa wao, wayape majina yaliyokuwa nayo, wayachore kwenye karatasi kubwa itundikwe ukutani pale watu wanapokaa foleni kusubiri mhuri. Kazi hiyo ihesabiwe kama sehemu ya shahada, na kwa mhadhiri anayeisimamia ihesabiwe kama chapisho.

Najua kwamba wenyeviti wa mitaa wameshaonywa zaidi ya mara moja kuwa kuandaa mikataba ya ardhi ni kazi ya wakili. Vizuri, na mstari huohuo uwekwe kwenye mkataba wa wakili. Lakini tusijidanganye kwamba onyo limeondoa mhuri mezani. Mtu anayenunua kwa kudunduliza, nusu leo na nusu baada ya mavuno, atakwenda kwa kiongozi anayemjua, na ni afadhali kiongozi huyo awe na swali zuri kuliko asiwe nalo. Wapo pia wanaosema dawa ni kupima kwanza maeneo yote. Ningefurahi. Ila watu 55 kwa siku hawasubiri, na nimeonja mwenyewe zoezi la urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila mpango, mtaani kwetu: tulichanga fedha, kampuni ikaja na vifaa, ikapanda bikoni kwenye baadhi ya viwanja, kisha simu zao zikawa hazipokelewi. Bikoni bado zipo. Moja ipo katikati ya njia ya maji.

Pingamizi zito kuliko yote nimelisikia kwa wauzaji wenyewe: ukiandika korongo, bei inashuka. Ni kweli itashuka. Inavyokuwa sasa hasara hiyo haijaondoka, imehamishiwa tu kwa mnunuzi wa mwisho, na mnunuzi wa mwisho karibu kila mara ndiye mwenye fedha kidogo kuliko wote waliomtangulia.

Tena swali la maji si geni kwetu. Panda Moshi, uende Kibosho au Machame, ukatembee kando ya mfongo. Mifereji ile Wachaga waliichimba kwa mikono kuchepusha maji kutoka mabonde ya Kilimanjaro hadi vihambani, yaani kwenye mashamba yao ya nyumbani, na kila mfongo ulikuwa na watu wake, zamu zake, mkubwa wake na siku za kuuzibua kwa pamoja. Mpaka wa kihamba uliwekwa kwa mimea ya masale, na mwenye kihamba alijua maji yanamfikia kupitia kwa nani na yakitoka kwake yanakwenda kwa nani. Kugawana vihamba kizazi baada ya kizazi kumeibana mifongo mingi, na Moshi nayo inapanuka kuelekea mlimani bila kuuliza. Lakini wazee wanaoweza kukutembeza kwenye mfongo na kukutajia zamu bado wapo. Mtafiti kijana anayetafuta mada aanzie kwao, na aanze mapema.

Mwezi uliopita mwenyekiti wa mtaa mmoja, upande wa kusini mwa jiji, alikubali tujaribu. Hakukuwa na fomu wala barua. Alichora tu mstari kwa kalamu chini ya majina ya majirani kwenye mauziano yaliyokuwa mezani kwake. Mnunuzi alikuwa kijana wa bodaboda na mkewe, mtoto mgongoni. Muuzaji alikuwa mzee wa makamo, mwenye kofia ya kufuma na fimbo.

Mwenyekiti akauliza, "Mzee, maji hapa yanapita wapi?"

"Maji yatoke wapi? Pale ni tambarare."

Kimya. Jirani wa kusini, aliyekuja kama shahidi, akawa anaangalia viatu vyake. Kisha akasema taratibu, "Mzee, tusamehe. Mwaka juzi yaliingia mpaka kwangu."

Kijana alirudisha kifuniko cha kalamu. Mkewe ndiye aliyesema, "Tunaomba twende tukaone kwanza."

Tulikwenda wote sita. Mzee alitangulia, na njiani hasira yake ikapungua, kwa sababu tulipofika kwenye shamba alianza kutuonyesha mwenyewe kwa fimbo: yanaingilia pale kwenye ule mgunga, yanazunguka kichuguu, yanatokea huku, zamani ndama walikuwa hawavuki. Alijua kila kona. Mwenyekiti aliegemeza karatasi kwenye shina la mgunga akaandika akiwa amesimama: kusini, korongo, hatua nne kutoka mpakani, maji yanatoka kaskazini mashariki. Wakasaini hapohapo, jirani akaweka dole gumba.

Kisha wakaanza upya kupatana bei.